Kushuka maporomoko kwa kamba: jibu kwa mwalimu wa Wete

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete. Tuko marafiki 14, wanawake 9 na wanaume 5, na 6 kati yetu hatujui kuogelea. Tumeona picha za watu wakishuka kwa kamba kwenye poromoko la maji, tukatamani. Tunataka kwenda Bara Idi el-Fitri ijayo. Kijana mmoja wa Morogoro anasema atatuongoza na kamba anazo, lakini anataka nusu ya pesa kwanza. Tuende wapi, tujiandae vipi? Na tukinunua kamba wenyewe hapa Wete, gharama haitapungua?

Waalaykumu salaam, mwalimu. Safari yenu inawezekana, na hata wasiojua kuogelea wana nafasi yao wakipangiwa vizuri. Ila huyo kijana usimtumie hata shilingi moja kwa sasa, na Idi el-Fitri iacheni kwa pilau na kuzuru wazee. Barua yako imeuliza sana habari ya mahali, na muongozaji umemgusa kwa sentensi moja tu. Mimi nitafanya kinyume chake.

Mahali nitapapitia kwa haraka. Visiwani kwetu mchezo huu hauna uwanja. Unguja, sehemu ya juu kabisa ni tuta la Masingini, kiasi cha mita 120 tu kutoka usawa wa bahari, na upande wa mashariki na kusini wote ni jiwe la matumbawe linalokunywa maji kabla hayajafika popote. Pemba mna vilima na mabonde ya kupendeza, lakini maji yenu yanatembea, hayaporomoki. Mapango tunayo, Kuza kule Jambiani, Mangapwani, Kiwengwa, na kuna watu huniuliza kama wanaweza kufanyia mazoezi ya kamba humo. Nawakataza. Jiwe la matumbawe lina makali, na kamba yenye uzito wa mtu ikisuguliwa juu ya ukingo wake haichukui muda kuchanika. Tena mapango mengi yana wenyewe, na sheha au wazee wa pale ndio wa kuulizwa kwanza.

Kwa hiyo ni Bara. Majina utakayoyasikia zaidi ni matatu. Sanje iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Mnaingilia Mang'ula, mnapanda njia kali ya msituni kwa saa kadhaa, na maji yanashuka kwa hatua tatu, jumla mita 170. Huo ndio msitu ambao aina nzima ya nyani, mangabey wa Sanje, wataalamu hawakuitambua mpaka mwaka 1979. Pili ni milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, ambako poromoko la Choma hufikiwa kwa miguu. Tatu ni Materuni, juu ya Moshi, katikati ya migomba na kahawa ya Wachaga.

Sasa angalia jambo moja ambalo picha za mitandaoni hazisemi. Kinachouzwa sehemu zote tatu, kwa kawaida, ni kutembea mpaka kwenye maji, kuoga na kurudi. Kushuka kwa kamba ni kazi nyingine kabisa. Askari wa hifadhi anajua njia, anajua wanyama, anajua wapi panateleza, lakini si kazi yake kukufungia kamba, na ndani ya hifadhi ya taifa hufungi kamba kwenye jabali bila idhini ya wenye hifadhi, tena kwa maandishi. Afrika Mashariki, mahali panapojulikana kwa kuteremka kwa kamba kando ya maji ni Sipi, Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mita 100 hivi kutoka juu mpaka chini. Na mkitaka korongo lenyewe, kuingia juu na kutokea chini, kamba baada ya kamba na kilindi baada ya kilindi, basi katika bahari hii yetu bingwa ni kisiwa cha Réunion. Kule ni ardhi ya Ufaransa, na mtu haruhusiwi kuongoza wageni kwa malipo bila diploma ya serikali ya kazi hiyo. Huku kwetu hakuna utaratibu wa namna hiyo uliozoeleka, kwa hiyo mtihani wa muongozaji unausimamia wewe mwenyewe, mwalimu, kwa simu, kabla ya kulipa.

Ushauri wangu kwa watu 14 ambao hawajawahi: nendeni mkaone poromoko, muoge, na siku ya pili mteremke kwa kamba kwenye jabali kavu, kando ya maji na si ndani yake. Korongo la maji liacheni kwa safari nyingine, kwa wale watakaokuwa wamelipenda na wanaojua kuogelea. Mtu akikuahidi vyote kwa siku moja, huyo hajahesabu. Hebu tuhesabu sisi. Mtu wa mara ya kwanza, kwenye mteremko wa mita 25 au 30, kuvishwa, kukaguliwa, kutetemeka kidogo pale ukingoni na kushuka, huchukua kama dakika 10. Kwa kamba moja, watu 14 ni dakika 140, zaidi ya saa mbili, na hapo hakuna aliyekwama. Wa mwisho anashuka wakati wa kwanza amekwisha kuchoka, ana njaa, na jua la msituni limeanza kupotea. Ndiyo maana nataka mgawanyike makundi mawili ya watu 7, kila kundi na siku yake au kamba yake, na waongozaji wasiopungua wawili kwa kila kundi: mmoja atangulie chini, mmoja abaki juu mpaka mtu wa mwisho.

Tuje kwa kijana wa Morogoro. Simfahamu, na huenda ni hodari. Mpigie, usimuulize bei, muulize hivi: "Mtu akikwama katikati ya kamba na maji yanampiga usoni, utamtoaje?" Kisha nyamaza usikilize.

Akijibu "tutamvuta juu", mshukuru na ukate simu. Kumvuta mtu mzima aliyelowa, huku maji yakimkandamiza, si kazi ya mikono ya watu wawili, na muda wenyewe haupo, kwa sababu anayepigwa na maji usoni anakosa pumzi ndani ya dakika chache. Hata penye ukavu, mtu anayening'inia kwenye mkanda aliovishwa kiunoni na mapajani bila kujitikisa huweza kuzimia, kwani damu hubaki miguuni. Jibu unalolitaka ni hili, kwa maneno yoyote yale: kamba haifungwi fundo la kudumu pale juu, inafungwa kwenye chuma kwa namna ambayo aliye juu anaweza kuilegeza ikiwa imebeba mzigo, akamteremsha aliyekwama mpaka chini pale pale. Anayefanya kazi hii kwa ujuzi ataeleza bila kusita, na pengine atafurahi kwamba umeuliza. Asiyejua atakuambia usiogope.

Akilivuka hilo, muulize kamba anaifunga wapi. Atakiwe akutajie nguzo mbili zisizotegemeana, ziwe misumari ya chuma iliyochimbiwa ndani ya jabali au mti mkubwa ulio hai, ili moja ikishindwa nyingine ishike. Muulize ncha ya chini inafika wapi. Hapa utamjua mtu aliyesoma mchezo wa majini na aliyejifunza kwenye jengo. Kwenye jabali kavu, mafundi hufunga fundo mwisho wa kamba ili mtu asipitilize. Kwenye kilindi cha maji hawafungi, na kamba wanaipima iguse maji tu, kwa sababu anayefika chini penye maji yanayozunguka anatakiwa aweze kuiachia kamba na kwenda zake. Fundo lingemshika hapo hapo, na kamba iliyozidi ingemsokota miguu.

Muulize pia pa kutokea. Kwenye korongo, mkishashuka na kuivuta kamba, hakuna kurudi juu, kwa hiyo ajue kabla hamjaanza ni sehemu gani mnaweza kutoka kwa pembeni, na kama baada ya mteremko wa kwanza hakuna, akwambie wazi. Ishara za filimbi zikubaliwe mkiwa bado kwenye gari, maana mbele ya maji yanayoporomoka hata mwadhini hasikiki. Kofia ngumu iwe ya kila mtu, si ya waongozaji peke yao. Na kama kampuni yake ina leseni ya utalii, ile wanayoiita TALA, ni vizuri, lakini ujue kuwa leseni hiyo inamruhusu kufanya biashara ya kutembeza watu. Haisemi neno juu ya fundo lake.

Swali la mwisho ni la pesa, na naliona zito kuliko yote. Muulize: mvua ikinyesha asubuhi ile, nani anaamua kuahirisha, na pesa zetu zinakuwaje? Muongozaji ambaye akiahirisha anapoteza malipo ya siku nzima atatafuta kila sababu ya kuona mawingu hayana kitu. Na nyinyi mliolipa nusu isiyorudi mtamsukuma vile vile: "Tumetoka Pemba, jamani, tutarudi vipi?" Kubalianeni kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba siku ya mvua mnalipa sehemu ndogo ya usumbufu wake na kubakiwa na siku ya akiba, na kwamba neno lake la kuahirisha halijadiliwi na mtu yeyote. Akikataa masharti hayo, hata kama fundo lake ni zuri, mtafuteni mwingine.

Sisemi haya kwa kukutisha. Tarehe 27 Julai 1999, katika korongo la Saxetbach karibu na Interlaken, Uswisi, watu 21 walikufa kwa wimbi moja la maji, wageni 18 na waongozaji 3. Vifaa havikuwa na tatizo, na walikuwa katika nchi inayosifika kwa utaratibu. Dhoruba ilinyesha juu mlimani, maji yakateremka ghafla na kuwakuta ndani ya bonde jembamba. Mwaka 2001 mahakama iliwatia hatiani watu 6 wa kampuni iliyowapeleka, kwa uzembe uliosababisha vifo.

Hapo ndipo Idi yenu inapokosa nafasi. Miaka hii Idi el-Fitri inaangukia Machi, masika yanapoanza kufungua. Mtu wa Pemba amezoea maji yenye miadi: bamvua na maji mafu anavijua, na makachu wa Forodhani, wale vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani, wanajua saa ya kuruka kwa kutazama ukuta umejaa mpaka wapi. Mto wa mlimani hautoi miadi. Jua linaweza kuwa linawaka juu ya vichwa vyenu huku mvua ikinyesha kilomita kadhaa juu, msiione wala kuisikia. Dalili ni maji kubadilika rangi kuwa ya udongo, majani na vijiti kuanza kupita kwa wingi, mngurumo kubadilika, au maji kupungua ghafla bila sababu, kwa kuwa huenda gogo limeziba juu na muda wowote litaachia. Ukiona moja tu kati ya hayo, hakuna kupiga picha ya mwisho. Ni kupanda pembeni, mbali na mkondo.

Nendeni kati ya Sabasaba na Nane Nane. Mvua zimekwisha, maji bado yapo lakini yametulia, njia hazina tope. Utalipia mambo mawili: kusi litakuwa linavuma na boti itawarusha kidogo, na maji ya mlimani mwezi wa Julai ni ya baridi ambayo sisi wa pwani hatuijui. (Wa Makunduchi wasinilaumu, najua Mwaka Kogwa huwa Julai hiyo hiyo. Chagueni wiki nyingine.) Baridi hiyo usiidharau. Mtu aliyelowa, akingoja zamu yake penye upepo wa poromoko, baada ya nusu saa vidole havimtii, na vidole ndivyo vinavyoshika kamba. Kama mtaingia majini kwa muda mrefu, suti za mpira ziwe sehemu ya bei. Na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomeni wa milimani mnakokwenda, si wa Dar es Salaam.

Wale 6 wasiojua kuogelea. Kushuka jabali kavu hakuhitaji kuogelea, ila mahali pa kufikia pawe nchi kavu, si kilindi. Wakitaka kuoga chini ya poromoko, wavae jaketi la kuokolea na wakae mbali na pale maji yanapopiga. Watu wengi hawajui kwamba maji yenye povu hayambebi mtu kama maji matulivu. Yamejaa hewa, na hata muogeleaji hodari anazama humo. Na kuruka kutoka juu nawakataza wote 14, wanaojua na wasiojua. Makachu anaujua ukuta wake. Kilindi cha mto kinabadilika kila mvua, jiwe au gogo ambalo mwaka jana halikuwepo linaweza kuwepo leo.

Wanawake 9 wana maswali ambayo kwa kawaida huulizwa siku yenyewe, kwa aibu, na bora yaulizwe leo. Buibui na kanga havifai kwenye kamba, si kwa sababu ya fasheni. Kile chuma cha kushukia, ambacho kamba hupita ndani yake, kinavuta chochote kinachoning'inia, iwe ncha ya mtandio, nywele au pindo la nguo, na kikishavuta unabaki unaning'inia huwezi kupanda wala kushuka. Suruali pana kiasi isiyo ya pamba, fulana ya mikono mirefu inayofika mapajani, na hijabu ya michezo inayobana, ncha zake zikiingizwa ndani ya fulana, vinatosha na sitara ipo. Mkanda wenyewe unapita kiunoni na kuzunguka mapaja, na lazima mtu aukague kwa mkono. Kubalianeni mapema kwamba muongozaji afundishe kwa kujivisha mwenyewe, kisha mwanamke amkague mwanamke mwenzake, na yeye amalizie kwa macho na kwa kuvuta kile kitanzi cha mbele. Waongozaji wazuri wanakubali hilo bila kelele. Ama Sala, mkianza saa mbili asubuhi mtakuwa mmetoka kwenye jabali kabla ya Adhuhuri kupita, na habari ya kukusanya Sala kwa msafiri mnayo masheikh wenu wa kuwauliza.

Safari yenyewe ni rahisi kuliko zamani. Boti mpaka Unguja, boti nyingine mpaka Dar es Salaam kwa saa mbili hivi, halafu treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mpaka Morogoro katikati ya 2024. Kutoka Morogoro kwenda Mang'ula kodisheni Coaster, mnapita Mikumi. Kila mtu achukue kitambulisho cha Taifa, kwa tiketi ya treni na kwa kiwango cha raia pale hifadhini, na malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo, si kwa noti mkononi, kwa hiyo msimtumie mtu pesa hizo "akawalipie". Andika jina la hospitali iliyo karibu kabla ya kuondoka: kwa Sanje ni ya Mtakatifu Francis, Ifakara, kwa Uluguru ni ya Rufaa ya Mkoa, Morogoro, kwa Materuni ni KCMC.

Afya ina mawili. Malaria kwetu visiwani imepungua sana, na kwa hiyo tumesahau chandarua. Bonde la Kilombero halijasahau. Laleni ndani ya chandarua, na atakayepata homa wiki chache baada ya kurudi Wete aende kupima na aseme wazi kwamba alikuwa Bara. Kichocho mnakijua wenyewe, Pemba imepambana nacho miaka mingi: konokono wake wanapenda maji matulivu au yanayokwenda polepole, penye majani, karibu na watu. Chini ya poromoko kwenye mkondo mkali hatari ni ndogo. Madimbwi ya bondeni, mnakopita mkirudi na joto, ndiyo ya kuyaacha.

Na kamba ya Wete: hapana. Kamba za dukani ni za ngalawa, ng'ombe na mizigo. Nyingi ni za plastiki ile inayoelea, na plastiki hiyo huyeyuka mapema kwa joto la msuguano pale inapopita kwenye chuma cha kushukia. Kamba ya kazi hii imetengenezwa kubeba mtu, haivutiki sana, ina lebo ya kiwango chake, kwa kawaida EN 1891, na mwenye nayo anajua imenunuliwa lini na imetumika vipi. Hata mkinunua ya namna hiyo, muongozaji mwenye akili atakataa kuitumia kwa vile historia yake haijui. Wete nunueni raba za mitumba zenye soli ya mpira na kamba za kufunga, si kandambili, filimbi moja kwa kila mtu, na mfuko wa kuzuia maji usiingie kwenye simu. Kisha mpigie yule kijana, andika majibu yake kama alivyoyasema, uniletee niyasome kabla hujatuma arubuni.